Mlango wa Upande wa Barabara: Majeshi, Visiwa na Hati ya Dereva

Msafiri anayeteremka Nyamianda, mjini Uvira, kutoka katika gari la abiria lililoundwa kwa ajili ya Japani, hushukia katikati ya barabara. Si kwa kupenda kwake. Mlango wa gari hilo uko ubavuni kushoto, kwa kuwa huko Japani magari hupita upande wa kushoto na abiria hushukia kando ya njia. Sisi Kongo tunapita kulia, na hivyo ubavu wa kushoto ndio unaoelekea magari yanayokutana nasi. Konvoyeri huruka kwanza, huinua mkono kuzizuia pikipiki, kisha mama mwenye mtoto mgongoni na karai kichwani hushuka. Mkono ule ulioinuliwa haumo katika ibara yoyote ya sheria ya barabarani. Hata hivyo ndio unaotenganisha salama na msiba mara nyingi kwa siku.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jambo hilo. Aghalabu huambiwa kwamba upande wa kupita barabarani ni suala la sheria, na kwamba hati ya dereva ni suala la ofisi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaanza hadithi katikati. Katika eneo letu, kuanzia mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, upande wa njia ni alama ya jeshi lililofika na kukaa. Na hati ya dereva ni mahali ambapo jeshi, likisha kukaa, hulazimika kuzungumza na serikali ya raia. Mfano ulio wazi zaidi ni wa askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kisiwani Madagaska mwaka 1942. Tutaanza na maneno, kisha tutawafuata askari hao, halafu tutarudi ziwani.

Maneno ya usukani

Mwanaisimu anayesikiliza mazungumzo ya madereva wa Uvira hugundua upesi kwamba anasikiliza historia mbili kwa wakati mmoja. Dereva aliyezoea njia ya Kigoma husema dereva, usukani, breki, tairi, honi, leseni. Mwenzake aliyejifunzia Bukavu husema shofere, volani, freni, pine, klaksoni, permi. Wote wawili huelewana bila shida, na mara nyingi mtu mmoja hutumia orodha zote mbili kwa kufuata abiria aliye naye. Orodha ya kwanza ilipitia kwa Waingereza na ya pili kwa Wabelgiji. Lakini tusikubali mgawanyo huo kwa haraka, maana ndani yake yamo maneno yasiyotoka Ulaya hata kidogo. Gari lilitoka India. Usukani ulitoka chomboni: sukani ni neno la Kiarabu la chombo cha kuelekezea jahazi, nalo lilikuwa limekwisha kuzeeka katika Kiswahili kabla injini ya kwanza haijawashwa. Mswahili alipouona mzunguko ule wa chuma mbele ya mwendeshaji aliuita kwa jina la kitu alichokijua baharini, kama alivyomwita mwendeshaji wa ndege rubani. Kwa hiyo mtu anayeshika usukani katika barabara ya Nyamianda hutumia, bila kujua, neno la mabaharia.

Neno shofere nalo lina hadithi yake. Katika Kifaransa maana ya asili ni mtu wa kuchochea moto, yule aliyehudumia tanuri la mashine ya mvuke. Maana hiyo haikuwa ngeni Kongo. Mwaka 1915 Waingereza walipotaka kuzipeleka boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, hadi ziwani ili kupigana na meli za Wajerumani, walizishusha kutoka katika treni huko Fungurume, Katanga, wakazivuta kwa mashine mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa, zikisaidiwa na ng'ombe, kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia. Mashine hizo zilikuwa na shofere kwa maana kamili ya neno: mtu wa kuni na wa maji. Katika safari ile hapakuwa na suala la kulia wala kushoto. Palikuwa na njia moja, iliyofyekwa kwa ajili ya safari hiyo, na hakuna aliyekuja kutoka mbele.

Ama kuhusu pande zenyewe, Kiswahili kina utajiri ambao sheria za barabarani haziutumii. Mkono wa kulia ni mkono wa kula, yaani mkono tunaotumia kulia chakula. Huitwa pia wa kuume, na baadhi ya Waswahili wa pwani huuita wa kuvuli. Wa pili ni kushoto, na zamani mkono wa kike. Haya ni majina ya mwili wa mtu, wala si ya njia. Ndiyo maana dereva anapofundishwa kuhama upande haambiwi tu abadili mahali pa gari. Anaambiwa abadili mkono. Katika gari lenye usukani wa kulia mkono unaobadili gia ni wa kushoto. Katika gari lenye usukani wa kushoto ni wa kulia. Mwili wake wote unapangwa upya.

Madagaska, 1942

Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 majeshi ya Uingereza yalishuka karibu na Diego Suarez, bandari iliyo ncha ya kaskazini ya Madagaska. Kisiwa kilikuwa chini ya serikali ya Kifaransa iliyotii Vichy, na Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangeweza kuitumia bandari hiyo dhidi ya njia zao za meli. Bandari ilitekwa kwa siku chache, lakini gavana, Armand Annet, hakusalimu amri. Ikaonekana lazima kukichukua kisiwa kizima, na kazi hiyo ikawekwa chini ya Jenerali William Platt wa kamandi ya Afrika Mashariki. Tarehe 10 Septemba vikosi vikashuka Majunga, pwani ya magharibi. Kutoka hapo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipewa njia kuu ya kwenda Antananarivo.

Hapo ndipo penye mfano wetu. Brigedi hiyo iliundwa na vikosi vya King's African Rifles, yaani KAR: askari wa Nyasa, wa Kenya na wa Tanganyika. Nchi zao zote zilipita kushoto. Madagaska, koloni la Ufaransa, ilipita kulia. Hivyo jeshi lililokuwa na madereva wa mkono mmoja liliingia katika kisiwa chenye desturi ya mkono wa pili, na likasafiri kwa magari zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani hadi mji mkuu.

Yafaa tujiulize kwa makini ni lini hasa tofauti hiyo ilianza kuuma. Msomaji anaweza kudhani ni siku ya kwanza. Kwa maoni yangu sivyo. Wafaransa walikuwa wakirudi nyuma huku wakikata miti na kuiangusha njiani, wakijenga kuta za mawe na kuvunja madaraja. Daraja la Betsiboka lilikatwa na sehemu yake ya kati ikaanguka mtoni. Msafara wa kijeshi katika njia ya namna hiyo haupiti kulia wala kushoto. Hupita pale palipo imara. Malori hufuatana moja nyuma ya jingine katikati ya barabara, na mwenye kutoka mbele, akiwapo, ni adui au ni mkimbizi. Sheria ya upande inahitaji kwanza kuwe na watu wawili wanaokutana kwa amani. Kwa hiyo vita vyenyewe havina upande. Upande huanza siku bunduki zinaponyamaza na raia anapolitoa gari lake uani.

Siku hiyo ilifika Antananarivo tarehe 23 Septemba 1942, mji ulipochukuliwa. Mji huo umejengwa juu ya vilima, barabara zake zikizunguka kwenye miteremko, na zilikuwapo teksi, malori ya wafanyabiashara na magari ya maafisa wa Kifaransa, vyote vikipita kulia. Katika mji kama huo lori la jeshi lenye usukani wa kulia linakuwa kama gari la Japani lilivyo leo Uvira. Dereva hukaa upande wa mtaro. Hauoni mstari wa katikati ila kwa kukisia. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake hawezi kuona kinachokuja mpaka ameshautoa ubavu wote wa lori lake kwenye njia ya wengine. Dawa yake ni mtu wa pili, aketiye kushoto, wa kumwambia pita au ngoja. Katika malori ya Afrika Mashariki mtu huyo amekuwapo tangu zamani. Watanzania humwita utingo au tandiboi, nasi tunamwita konvoyeri. Kazi yake ya kuwa jicho la pili la dereva haikuandikwa mahali popote, ila anayepanda lori huiona.

Lugha ya amri katika KAR ilikuwa Kiswahili, ile lahaja ya kambini iliyoitwa KiKAR, yenye ngeli chache na vitenzi vya amri vingi. Wataalamu wa Kiswahili sanifu waliidharau, na si ajabu. Lakini katika jeshi lenye askari wa Kinyanja na wa makabila mengi ya Kenya na ya Tanganyika, chini ya maafisa Waingereza waliojifunzia lugha kitabuni, ilikuwa ndiyo lugha iliyoweza kumfikia kila dereva. Maneno ya ufundi yaliyosambaa kupitia majeshi hayo, kama dereva, gia, breki na spana, hayakuletwa na shule wala na magazeti tu. Kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki kilifunza udereva vijana wengi ambao kabla ya vita hawakuwahi kuligusa gari. Walipoachishwa jeshi baada ya 1945 wengi wao walitafuta maisha katika malori na mabasi, wakaondoka kambini na msamiati wao.

Annet aliomba amani mapema Novemba, na mapigano yakasimama saa sita usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1942. Husemwa kwamba aliahirisha kwa makusudi mpaka miezi sita na siku moja itimie tangu shambulio la kwanza, ili askari wake wapate haki za malipo na nishani zilizodai muda huo. Tusidharau habari hiyo. Inaonyesha kwamba hata katika vita kuna mtu anayehesabu karatasi.

Januari 1943 utawala wa kisiwa ulikabidhiwa kwa Wafaransa Huru chini ya Jenerali Legentilhomme. Waingereza hawakukaa muda wa kuibadili njia, wala hawakuwa na nia hiyo. Madagaska iliendelea kulia hadi leo. Wageni ndio waliolazimika kuhama mkono. Linganisha na askari wengine wa Afrika Mashariki waliopelekwa mwaka huo huo wa 1942 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Huko njia ilikuwa ya kushoto kama ya kwao. Jeshi ni lile lile, lugha ni ile ile, bahari ni moja, lakini dereva mmoja alibadili mkono na mwingine hakubadili, kwa sababu tu ya bendera iliyotangulia kupandishwa katika kila kisiwa.

Visiwa vingine

Si kila jeshi lilikuwa na adabu hiyo ya kumfuata mwenyeji. Wajerumani walipovikalia visiwa vya Jersey na Guernsey kati ya 1940 na 1945 walivilazimisha kupita kulia. Walipoondoka, visiwa vikarudi kushoto. Huko Iceland mambo yalikwenda kinyume kabisa. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuhamia kulia kuanzia mwaka 1941, lakini Mei 1940 wakashuka Waingereza na magari yao ya kushoto, na mabadiliko yakaahirishwa. Yalikuja kutimizwa tarehe 26 Mei 1968, miaka 28 baadaye. Kuahirisha jambo kwa ajili ya mgeni ni rahisi. Kulirudia ndiyo kazi.

Mfano wa Okinawa unatuhusu zaidi, kwa sababu ya mlango. Wamarekani walipokiteka kisiwa hicho mwaka 1945 walikihamishia kulia, na kikabaki hivyo hata baada ya kurudishwa kwa Japani mwaka 1972. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani unataka kila nchi iwe na upande mmoja kwa barabara zake zote. Japani, ikiwa mwanachama wa mkataba huo, haikuweza kuwa na mkoa mmoja unaopita tofauti. Basi alfajiri ya tarehe 30 Julai 1978 kisiwa kizima kikahama kushoto. Kubadili alama za njiani kulikuwa jambo jepesi kidogo. Mabasi ndiyo yaliyokuwa na taabu, kwa kuwa milango yake ilikuwa kulia na sasa ingefungukia katikati ya barabara. Ilibidi yanunuliwe mabasi mapya, ambayo watu waliyaita 730 kwa tarehe ile ya mwezi wa saba. Yaani serikali ya Japani ilikubali kwamba mlango unaofungukia magari ni hatari inayostahili kulipiwa fedha.

Sitaki kuipita Nzwani, kisiwa cha Ngazija na Mwali kwa udugu, kinachojulikana pia kwa jina la Anjouan. Tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Komoro, yakisaidiwa na askari wa Tanzania na wa Sudan chini ya Umoja wa Afrika, yalishuka humo kumwondoa kanali Mohamed Bacar, aliyekimbilia Mayotte. Lugha ya wenyeji ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Wanaisimu huziweka zote mbili katika kundi la Sabaki. Mtanzania aliyeshuka pale alisikia maneno ya kwao katika salamu, lakini njia ilikuwa ya Wafaransa, kulia. Sudan nayo ilikuwa imehama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1973. Kwa hiyo katika operesheni ile Msudani, mgeni wa lugha, alikuwa mwenyeji wa barabara. Na Mtanzania, mwenyeji wa lugha, alikuwa mgeni wa barabara.

Hati ya jeshi na hati ya raia

Mpaka hapa tumezungumzia upande. Suala la hati ni gumu zaidi, kwa kuwa halionekani. Jeshi humfunza dereva wake, humpima, humwandikia kibali chake lenyewe, na kibali hicho ni kwa kazi ya jeshi. Likihamia nchi nyingine, je, mwenyeji akitambue? Mkataba wa nchi za NATO wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya majeshi ulilijibu swali hilo moja kwa moja katika ibara yake ya nne: nchi mwenyeji ama itaikubali, bila mtihani wala malipo, hati ya udereva iliyotolewa na nchi ya askari, ikiwamo ya kijeshi, ama itampa askari huyo hati yake yenyewe bila kumpima tena. Mfano wa mkataba uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990 kwa ajili ya vikosi vya amani ulifuata njia iliyo karibu na hiyo: serikali mwenyeji inakubali vibali vilivyotolewa na ujumbe wenyewe kwa ajili ya magari ya ujumbe.

Uvira iliuona utaratibu huo kwa macho yake. Kwa miaka mingi, mpaka vikosi vya MONUSCO vilipoondoka Kivu ya Kusini Juni 2024, askari wengi wa Umoja wa Mataifa mkoani mwetu walikuwa Wapakistani, na Pakistani hupita kushoto. Hao nao walikuwa askari wa mkono mwingine katika njia ya kulia, kama wale wa Majunga. Tofauti ni kwamba ujumbe ulikuwa na mtihani wake wa udereva na kibali chake. Magari meupe yalipita kulia kama sheria itakavyo, na raia wa Kavimvira au wa Mulongwe hakuwa na haja ya kujua kwamba mwendeshaji alizaliwa upande wa pili.

Zanzibar inatuonyesha sura nyingine, ambayo kwa mtazamo wangu haijachunguzwa vya kutosha. Hapo hapana suala la mkono. Unguja, Pemba na Tanzania Bara zote hupita kushoto. Lakini katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba, ulinzi upo na polisi ipo, ilhali leseni za udereva na usajili wa magari havimo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi zake. Fikiria basi askari wa Jeshi la Wananchi anayehamishwa kutoka Tabora kwenda Unguja. Yeye mwenyewe ni wa Muungano, na lori la jeshi analoliendesha ni la Muungano, lenye namba zake za jeshi. Lakini akivuka na gari lake binafsi, gari hilo limetoka katika daftari moja na kuingia nchi ya daftari la pili. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa kwa miaka mingi chini ya jina la kero za Muungano. Bahari ya mwendo wa saa chache inaweza kumwacha mtu vile vile na kuibadili karatasi yake.

Ziwa kama bahari

Burton alipofika kaskazini ya ziwa mwaka 1858 pamoja na Speke aliiandika Ubwari kama kisiwa. Ni rasi, kama ajuavyo kila mvuvi wa Fizi. Lakini kosa lake lina ukweli fulani kwa upande wetu. Kwa magari, Uvira imekaa kama kisiwa kwa muda mrefu. Barabara ya taifa nambari 5 huja kutoka Bukavu na huendelea kusini kuelekea Fizi na Kalemie katika hali ambayo sina haja ya kuieleza kwa aliyewahi kuipita. Magari na mizigo mingi huja kutoka mashariki, kutoka Dar es Salaam. Lori la Tanzania linaloingia Burundi kwa Kobero huhama mkono mpakani hapo, mbele ya bango na mbele ya askari, kisha huja Gatumba na Kavimvira likiwa limeshazoea. Lakini gari likipakiwa melini Kigoma na kushushwa Kalundu, huhama mkono majini. Hakuna bango ziwani. Linapanda likiwa la kushoto na kuteremka katika nchi ya kulia, kama malori ya Majunga.

Mpaka huo wa majini ni kazi ya majeshi pia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua Kigoma kutoka kwa Wajerumani, wakaikalia hadi 1921, kisha wakawaachia Waingereza, wakabakiziwa eneo la bandari kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kama wangebaki, huenda Kigoma ingekuwa inapita kulia na kusema permi. Jeshi lao lenyewe, Force Publique, lilitumia Kilingala kwa amri. Hiyo ni sababu mojawapo kwamba msamiati wa magari upande wetu haukupata kambi ya Kiswahili ya kuulea, kama KAR ilivyoulea ng'ambo. Ulikuja kwa njia ya Kifaransa cha kampuni, cha misheni na cha gereji.

Sheria tunayoifuata, ile nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ilitiwa sahihi mwezi mmoja kamili baada ya Okinawa kuhama. Inasema tupite kulia. Kinshasa imewahi kutangaza marufuku ya kuyaingiza magari yenye usukani wa kulia. Mashariki marufuku hiyo ilikuja kama habari ya redio. Gari la Japani lililotumika ni la bei nafuu, vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam na Kampala, na hakuna meli ya kutuletea ya Ulaya kwa bei hiyo. Jirani zetu walilipima jambo hilo. Uchunguzi wa mwaka 2009 nchini Rwanda ulikuta asilimia 54 ya waliohojiwa wakipendelea kuhamia kushoto, ili kulingana na Kenya, Uganda na Tanzania katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hawajahama, wala Burundi. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, ikiongeza upande wa kulia ndani yake.

Wenye kupendekeza kuhama huzungumzia usukani na bei. Wenye kupinga huzungumzia sheria na gharama ya alama. Sijasikia wakiuzungumzia mlango, wala taa. Taa za gari la Japani zikishushwa huelekeza mwanga wake kushoto, ili kumulika kando ya njia ya kwao; katika njia yetu mwanga huo humpiga machoni anayekuja. Dereva wa usiku kati ya Uvira na Baraka hulijua jambo hili kuliko mhandisi yeyote. Na mtihani wa permi haumuulizi juu yake, kwa kuwa mtihani unadhani kwamba gari na njia ni vya nchi moja.

Nilipokuwa nikikusanya maneno ya makala haya nilimuuliza konvoyeri mmoja kijana, aliyeegemea mlango wa gari lake, kwamba ule upande wa mlango huuita vipi. Nilitarajia aseme kushoto, au labda neno fulani la Kifaransa. Alinitazama kwa kustaajabu kidogo, akasema, "Mwalimu, huu ni upande wa mukono wangu," kisha akauinua, kwa kuwa pikipiki ilikuwa inakuja.